UZI: Mwanga wa kutosha kwa mimea hai kwenye akwariamu ya nyumbani

#1 TangiKijani (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Mtu akitaka kuweka mimea hai kwenye tangi la samaki, swali la kwanza huwa "taa iwe ya wati ngapi?" Wati ni umeme unaoliwa na taa. Hazikuambii mwanga unaofika kwenye jani. Taa mbili za wati 20, moja nzuri na nyingine ya bei chee, zinaweza kupishana karibu maradufu kwa mwanga. Angalia lumeni (kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa) zilizoandikwa kwenye boksi, kisha uzigawanye kwa lita za maji yako.

Tuchukue tangi ambalo mafundi vioo hulitengeneza sana: futi 2 kwa futi 1, kimo futi moja na nusu. Hiyo ni sm 60 × 30 × 45, yaani lita 81 likijaa hadi ukingoni. Ukitoa sm 5 za kokoto na sm 3 za juu zisizo na maji, zinabaki kama lita 66. Hizo ndizo za kupigia hesabu, siyo 81.

Viwango vya kuanzia, kwa LED nyeupe iliyo juu ya tangi la kimo cha kawaida:

Lumeni 10 hadi 20 kwa lita zinatosha mimea ya kivulini: Anubias, Microsorum pteropus, Cryptocoryne, mosi (moss) ya Java.

Lumeni 20 hadi 40 ni za Vallisneria, Hygrophila, Echinodorus na mimea mingi ya mashina ya kijani.

Zaidi ya 40 ni za mimea ya kutambaa chini kama zulia na ile myekundu kwelikweli. Bila kuongeza hewa ya ukaa kwenye maji, ukifika hapa utavuna mwani tu, yaani ule ukijani unaoota kwenye maji, kioo na majani.

Kwa lita 66, ukilenga lumeni 25 kwa lita unahitaji 1,650. LED inayotoa lumeni 90 kwa wati inafika hapo kwa wati 18 hivi. Tangi lako likizidi kimo cha sm 50, hesabu hii inaanza kudanganya, kwa sababu mwanga unatawanyika na kupungua kabla ya kufika chini.

Na jambo ambalo ningependa kila anayeanza alishike kabla ya kununua chochote: mwanga ndio unaoamua kasi ya kila kitu ndani ya tangi. Ukiuongeza, mmea unadai hewa ya ukaa zaidi na mbolea zaidi. Usipompa, anasimama kukua, na mwani unaojua kuishi kwa kidogo unachukua nafasi. Matangi mengi yaliyoharibika yana mwanga uliozidi, siyo uliopungua.

#2 Mama_Gapi

Ahsante mkuu. Tangi langu ni la vipimo hivyo hivyo. Taa ni fladi ya LED, zile bapa za kufungwa ukutani nje, wati 30, imeandikwa 6500K, nimeilaza juu ya kioo cha mfuniko. Inawaka kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Nyuma kuna Vallisneria, mbele Anubias. Vallisneria haisogei, na majani ya Anubias yamejaa vidoa vya kijani vigumu ambavyo havitoki hata nikisugua. Niongeze taa ya pili?

#3 TangiKijani

Hapana mama, usiongeze. Punguza.

Fladi ya wati 30, hata tukiihesabia lumeni 80 tu kwa wati, inatoa 2,400. Gawanya kwa 66, ni lumeni 36 kwa lita, tena kwa saa 12, tena imelala juu ya kioo na kumulika sehemu moja ya katikati. Vidoa hivyo vigumu ni mwani wa madoa, na hupenda mahali penye mwanga mkali na fosfeti (kirutubisho cha mimea) kidogo. Anubias anashambuliwa kwanza kwa sababu jani lake linakaa muda mrefu bila kubadilishwa na jipya.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Saa za taa zishuke hadi 7. Weka saa 8 mchana hadi saa 3 usiku ili uwe nyumbani inapowaka. Kwenye taima yenye saa 24 ni 14 hadi 21.
2. Inua taa sm 20 hadi 25 juu ya maji. Mwanga utasambaa na ile sehemu kali ya katikati itatulia.
3. Hamishia Anubias pembeni au chini ya kivuli cha Vallisneria.
4. Kata majani yaliyoharibika sana, lakini usizidi theluthi moja ya mmea kwa mara moja. Madoa ya kwenye kioo yakwangue kwa wembe.
5. Badilisha nusu ya maji kila wiki kwa wiki tatu.

Vallisneria nayo haijakwama kwa mwanga. Hula sana kwa mizizi, na kokoto tupu hazina chakula. Mchomekee vidonge vya mbolea karibu na mizizi, kila sm 10 hadi 15. Mpe wiki nne kabla ya kumhukumu.

#4 LumeniKwaLita

Naongezea kwenye suala la saa. Watu huwasha taa kwa muda wa saa 12 kwa hoja kwamba huku kwetu karibu na Ikweta jua linawaka kwa muda huo huo. Ziwani jua hilo linaanza dogo, linapanda, linashuka, na maji yana mkondo unaoleta hewa ya ukaa mpya muda wote. Tangi lisiloongezewa hewa ya ukaa lina akiba iliyojikusanya usiku, na mimea huimaliza mapema. Saa zinazobaki ni za mwani.

Tangi jipya: saa 6 kwa mwezi wa kwanza. Likitulia, ongeza nusu saa kila wiki hadi 8. Sioni sababu ya kuvuka 8 kwenye tangi la kawaida.

Wengine hukata katikati: saa 4 za mwanga, saa 4 za giza, kisha saa 4 tena. Ile giza ya mchana huacha hewa ya ukaa ijirudishe. Kwa tangi lisilo na mtungi wa gesi (hewa ya ukaa) njia hii inafaa. Kwenye tangi lenye gesi haina maana.

#5 Ngogwe

Wakuu, kuna zile taa za zambarau zinazouzwa kwa ajili ya miche. Si ndizo sahihi kwa mimea? Na hizi namba za 3000K, 6500K, 10000K zina uzito gani?

#6 LumeniKwaLita

Zambarau inakuza mmea, ni kweli. Klorofili hunasa zaidi bluu ya karibu nanomita 430 hadi 450 na nyekundu ya 640 hadi 680, ndiyo maana wanazitengeneza hivyo. Lakini LED nyeupe ya kawaida ni chipu ya bluu iliyopakwa fosfori (unga unaogeuza sehemu ya bluu kuwa rangi nyingine), kwa hiyo bluu ipo tele na nyekundu ipo ya kutosha. Ukitumia zambarau, mimea ya kijani inaonekana myeusi, samaki wanapoteza rangi, na mwani huuoni mpaka umeshakomaa. Kwa tangi la sebuleni siishauri hata kidogo.

Kelvini ni rangi ya mwanga kwa jicho la mtu. Kati ya 5000K na 7000K mimea inaonekana kama ilivyo. 3000K ni njano, maji yanaonekana machafu, ila mmea unakua. 10000K na kuendelea ni ubluu wa matangi ya maji ya bahari. Ukiweza kuchagua, chukua 6500K yenye kiwango cha uhalisi wa rangi (CRI) cha 80 au zaidi.

#7 FundiKioo

Upande wa vifaa na ufungaji, maana hapa ndipo watu wanapopigwa shoti.

Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hadi 900, lakini imetengenezwa kumulika chumba, mwanga mwingi unakwenda pembeni na juu. Ivalishe kofia ya bati jeupe au alumini inayorudisha mwanga chini, la sivyo hesabu karibu nusu yake kama haipo.

Tyubulaiti ya LED ya futi 2, wati 9 au 10, ndiyo naipenda kwa tangi la futi 2. Mwanga unalala sawasawa kutoka kona hadi kona. Mbili zinakupa kama lumeni 1,800. Za futi 4 ni wati 18 hivi.

Fladi ni imara, haziingii maji, lakini humulika kama tochi. Kwa tangi la futi 4 bora mbili za wati 20 kuliko moja ya wati 50.

Taa za utepe za kubandika, hasa zile za rangirangi zenye rimoti, ni mapambo. Ule utepe wenye gundi ya epoksi juu huwa wa njano kadiri unavyozeeka na mwanga kushuka. Ukitaka kuutumia, tafuta wa rangi nyeupe tupu, ubandike kwenye mfereji wa alumini ili joto litoke, na upange mistari mitatu au minne sambamba.

Mwenye tyubu za zamani za T5 (fluoresenti nyembamba) zisizo za LED azibadilishe kila baada ya mwaka hivi. Jicho halioni zikififia, mmea unaona.

Kufunga: waya wa taa ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia kwenye plagi, ili tone likitiririka lidondokee sakafuni. Ekstensheni isilazwe chini ya tangi, itundike ukutani. Saketi iwe na breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30, na fladi yenye mwili wa chuma iunganishwe waya wa ethi, ule wa kijani na njano, usikatwe kwa kuwa plagi uliyonayo ina miguu miwili. Ukiweka taa ndani ya boksi la mbao, toboa matundu nyuma. LED haifi kwa kuwaka, draiva yake (kifaa kinachoigeuzia umeme) inakufa kwa joto.

Na kile kioo cha mfuniko kifutwe kila wiki. Maji ya kisima yenye chokaa huacha ukungu mweupe, na ukungu huo unakula mwanga ulioulipia. Siki nyeupe na kitambaa vinatosha, kisha suuza kabla ya kukirudisha.

#8 Ngogwe

Boksi likiwa halina lumeni, au nisipoziamini, napimaje?

#9 LumeniKwaLita

Simu za Android nyingi zina kihisi cha mwanga juu kabisa ya kioo, karibu na spika ya kusikilizia. Pakua programu ya kupima laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Pima tangi likiwa tupu: laza simu chini kabisa, kioo kikitazama juu, taa ikiwa kwenye kimo chake cha kudumu. Andika namba ya katikati, ya kona nne na ya mbele.

Kwa LED nyeupe, gawanya laksi kwa 70 upate mwanga unaotumika na mmea, kwa kipimo cha mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Mfano, laksi 2,000 ni karibu 30, laksi 3,500 ni 50, laksi 7,000 ni 100. Anubias na wenzake wanaridhika na 15 hadi 30. Mimea ya kati 30 hadi 50. Zulia na nyekundu 50 na kuendelea.

Simu si kifaa cha maabara, mbili tofauti zitakupa namba mbili tofauti. Lakini simu moja ile ile inalinganisha vizuri sana: utaona kona ina nusu ya katikati, au kwamba ukiinua taa sm 10 umepoteza kiasi gani. Gawio la 70 halifai kwa taa za zambarau, namba itakuwa ya uongo kabisa.

Jambo moja ambalo kipimo cha tangi tupu hakikuonyeshi: kisiki kipya cha kupamba tangi kikitoa rangi ya chai, maji hayo hunyonya hasa bluu. Badilisha maji mara kwa mara mpaka kisiki kiishe rangi, au weka mkaa amilifu kwenye filta.

#10 Kisauni_Fish

Habari za Mombasa ndugu zangu. Kwa nini tununue taa na jua lipo? Tangi langu liko mita moja kutoka dirishani.

#11 TangiKijani

Jua la moja kwa moja ni laksi kama 100,000. Taa zetu chini ya tangi ni elfu mbili, tatu. Miale ya nusu saa tu kupitia dirishani inaweza kuipa kona moja ya tangi mwanga wa siku nzima, na huna swichi ya kuuzima. Matokeo yake ya kawaida ni maji kugeuka ya kijani kama supu ya mchicha, na joto kupanda. Maji ya nyuzi 25 yakishiba hewa hubeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita, kwenye nyuzi 30 ni 7.6. Pwani tayari mko juu.

Angalia pia mwelekeo. Kwa Mombasa na Dar, kuanzia Aprili hadi Agosti jua la mchana liko upande wa kaskazini, Novemba hadi Januari liko kusini. Dirisha lisiloleta miale leo linaweza kuileta baada ya miezi sita. Tangi lililokuwa safi likianza mwani ghafla bila kubadilisha chochote, chungulia sakafuni miale inaangukia wapi.

Mwanga wa dirisha usio na miale ni sawa, ni msaada. Pazia jepesi jeupe, au karatasi nyeusi nyuma ya tangi, inamaliza kazi.

#12 Hamira_na_Sukari

Kwa anayetaka kupanda juu ya lumeni 40 kwa lita bila kununua mtungi wa gesi: chupa ya soda ya lita 2, sukari gramu 200, hamira robo kijiko cha chai, maji vuguvugu hadi theluthi mbili ya chupa, na chembe ya magadi soda ili isichachuke haraka. Toboa kizibo, pitisha mpira wa hewa, ziba kwa silikoni. Mpira upitie kwanza kwenye chupa ndogo yenye maji inayonasa povu, kisha kwenye valvu ya kuzuia maji kurudi, kisha kwenye jiwe la kutoa viputo vidogo ndani ya tangi. Inadumu wiki 2 hadi 3, penye joto kali pungufu ya hapo. Usiifunge kabisa wala kuubana mpira: chupa italipuka.

Udhaifu wake ni kwamba haizimiki usiku, wakati mimea nayo inatoa hewa ya ukaa. Ukiona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, washa pampu ya hewa usiku kucha. Na kiwango kikipanda na kushuka, ule mwani mweusi wa ndevu unakaribishwa, kwa hiyo tumia chupa mbili, moja ibadilishwe wiki hii na nyingine wiki ijayo.

Wenye mtungi: gesi ifunguke saa moja au mbili kabla ya taa, ifungwe saa moja kabla taa haijazimwa.

#13 Mwanza_Rock

Huku Ziwa Victoria kuna Ceratophyllum demersum ya bure. Inahitaji mwanga kiasi gani, na nikiichota nifanye nini?

#14 LumeniKwaLita

Ni mmea mzuri mno kwa anayeanza. Haina mizizi, inaelea, kwa hiyo inakaa karibu na taa, na lumeni 15 hadi 20 kwa lita zinaitosha. Inakula naitreti na amonia kwa kasi hivyo inaunyima mwani chakula. Tatizo lake ni kivuli. Ikifunika zaidi ya nusu ya uso wa maji, Cryptocoryne wa chini wanabaki gizani. Punguza kila wiki, na ulichopunguza ukizike au ukaushe juani, usikitupe mtoni. Gugumaji limeshatufundisha kwenye ziwa hilo hilo.

Kuhusu kuchota, usiingie kwa miguu mitupu. Konokono wa kichocho hukaa kwenye mimea ya ufukweni. Vaa buti na glavu, usibebe maji ya ziwa pamoja na mmea. Nyumbani suuza shina moja moja, toa konokono na mayai yake yanayofanana na utelezi unaong'aa chini ya jani, kisha weka kwenye ndoo yenye mwanga kwa wiki mbili ukibadilisha maji na kukagua. Shika kwa glavu muda wote huo.

#15 FundiKioo

Umeme ukikatika: mimea inavumilia giza siku mbili tatu bila shida, wasiwasi wako uwe oksijeni ya samaki. Ila taima ya kuzunguka husimama umeme ukikatika, na ukirudi inaendelea ilipoachia. Baada ya wiki ya katakata, taa inawaka saa 5 usiku. Ya kidijitali yenye betri ndani haina tatizo hilo.

Gharama: wati 20 kwa saa 8 ni uniti 0.16 kwa siku, kama uniti 4.8 kwa mwezi.

#16 Ngogwe

Swali la mwisho. Mwanga nimeweka lumeni 28 kwa lita, saa 8. Hygrophila inapanda vizuri ila majani mapya ya juu yamepauka, mishipa imebaki ya kijani. Ya chini yana vitundu vyenye ukingo wa njano. Mwanga haufiki chini?

#17 TangiKijani

Mwanga ukiwa mdogo shina lingerefuka, nafasi kati ya majani ingekuwa kubwa, na majani ya chini yangedondoka yakiwa mazima. Wewe una dalili mbili tofauti. Jani jipya lililopauka na mishipa ya kijani ni upungufu wa chuma. Vitundu kwenye majani ya zamani ni potasiamu. Na kama jani zima la zamani lingekuwa njano, tungesema nitrojeni.

Nenda duka la pembejeo uulize naitreti ya potasiamu ya kuyeyuka, mfuko umeandikwa 13-0-45 au 13-0-46. Kwa lita 66, gramu 1.1 inapandisha naitreti kwa miligramu 10 kwa lita na inaleta potasiamu humo humo. Weka mara moja kwa wiki baada ya kubadilisha maji. Fosfeti ni ule mfuko wa 0-52-34: yeyusha gramu 5 kwenye nusu lita ya maji, mililita 9 hadi 10 zinaongeza karibu miligramu 1 kwa lita. Hii Mama_Gapi pia inamhusu kwa yale madoa. Chuma tafuta cha kimiminika kilichotengenezwa kwa mimea ya akwariamu na ufuate kipimo cha chupa.

Usitumie UREA, CAN wala DAP. Zina amonia au zinageuka amonia, na samaki hawatafika asubuhi.

Vitundu vilivyopo havitaziba. Angalia majani yatakayotoka baada ya wiki mbili, taa usiiguse mpaka hapo.